Privatus na Ukuta wa Ihanda

Ukitaka kumjua Privatus, usimtafute nyumbani. Nyumbani kwake Ihanda utamkuta mkewe Evelyn, na binti yao Speciose, na mbuzi mmoja mwenye adabu mbaya. Privatus mwenyewe utaambiwa ametoka sasa hivi. Huyo mtu ana kiguu na njia tangu azaliwe. Mama yake alikuwa akisema mtoto wake alijua kutembea kabla ya kujua kukaa, na mimi sioni sababu ya kumbishia mama wa watu.

Alipelekwa seminari, maana kwao ni Wakatoliki na kichwa alikuwa nacho. Kabla ya Pasaka ya kwanza akawa amerudi na sanduku lake, anasema mwalimu wa bweni anakoroma. Akaenda Kyerwa kwenye machimbo ya bati, akachimba, akachoka, akawaachia wenzake shimo. Wenzake wakalipata bati wiki iliyofuata, na habari hiyo usimkumbushe kama hamjawahi kula pamoja. Akaendesha bodaboda kati ya Ihanda na Kayanga, akaiuza ndiyo kwanza abiria wamemzoea. Mwaka mmoja akakodi shamba Bugomora, akapanda maharage, akaondoka yakiwa kwenye maua. Maharage yale aliyavuna Evelyn, peke yake, Speciose akiwa mgongoni. Evelyn ni mtu wa Muleba, mtoto wa wafanyabiashara, na pale senta ana duka lake la vitenge. Hakugomba. Aliyavuna, akayapiga, akayauza, akarudi Ihanda akamkuta mume wake anafikiria kufuga nyuki.

Kazi moja tu ndiyo Privatus alikuwa akiirudia. Kila msimu, popote alipokuwa, alirudi kwenye sakafu ya kuanikia kahawa ya chama cha msingi cha ushirika. Ni sakafu pana ya saruji, imezungushiwa ukuta mfupi wa matofali unaofika gotini, ili mvua ikija ghafla isiteremke na kahawa ya watu hadi bondeni. Pale kahawa hugeuzwa kwa miguu. Unavua viatu, unaingia katikati ya kahawa, unaburuza nyayo mbele na nyuma, mstari kwa mstari, jua likikuchoma utosi. Wengine kazi hiyo inawachosha. Privatus ilimfaa kwa sababu ni kutembea kutwa nzima bila mtu kukuuliza unakwenda wapi.

Kahawa ikishapelekwa kiwandani, sakafu inabaki tupu na vijana wanacheza mpira. Watano kwa watano, magoli ya miti, mpira uliopungua upepo kidogo ili usiruke ovyo. Hawakujua kama mchezo huo una jina lake duniani. Wao waliuita mpira wa sakafuni. Na sheria yao kubwa ilikuwa hii: mpira ukigonga ukuta, mchezo unaendelea. Mzee Ildefonsi, msimamizi wa sakafu, ndiye aliyekuwa refa, na alishasema kwamba hawezi kupuliza filimbi kila mpira unapogusa tofali, pumzi hizo hana. Basi ukuta ukawa mchezaji kama wengine. Na hakuna aliyeelewana na ukuta ule kama Privatus. Beki akimjia, anaupiga mpira ukutani kushoto, yeye anapita kulia, wanakutana mbele, yeye na mpira wake. Beki anabaki amesimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Siku moja Egbert alikuwa ametoka Kanoni msibani. Egbert ni mtoto wa Muleba aliyehamia Dar es Salaam zamani, na wakati huo ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya futsal ya wanaume. Futsal ndiyo huo huo mpira wa watano unaochezwa ndani ya ukumbi, wenye sheria zake na viatu vyake. Alisimama Ihanda kununua kahawa ya kutafuna. Akaona vumbi, akasikia kelele, akasogea. Aliona mtu mzima, mwenye mke na mtoto, anauvuta mpira kwa unyayo kana kwamba umefungwa kamba mguuni. Kwenye futsal unyayo ndio kila kitu. Egbert akaisahau kahawa yake juu ya ukuta na kuuliza jina la yule bwana.

Ndivyo Privatus alivyoitwa kambini kujiandaa na mashindano ya kimataifa ya futsal ya timu za taifa. Ihanda nzima ilipagawa. Kila mtu akawa ndiye aliyemfundisha.

Evelyn ndiye pekee ambaye hakupagawa. Alikuwa dukani anampimia mteja kitenge, akangoja mteja aondoke, ndipo akasema, "Baba Speciose, mimi sikuombi kombe. Nakuomba umalize kitu kimoja. Kimoja tu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mkifungwa kumi, rudi, nitakupikia. Lakini ukikikimbia na hiki, usinitafute hapa. Utanikuta Muleba kwa wazazi wangu, na mtoto wangu."

Alisema taratibu, huku akikunja kitenge. Privatus angefurahi kama angefoka. Mtu anayefoka unaweza kumbembeleza.

Mashindano ya mwaka huo yalipangiwa Kigali, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Yangekuwa Misri au Angola, Privatus angekaa atake asitake, maana huwezi kupanda ndege kwa hasira. Lakini Kigali ni hapo tu. Unapanda basi, unafika Rusumo, unavuka mto Kagera, unapita Benaco, jua halijazama uko Karagwe. Ni kama kumfungia mlevi kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama kilabuni.

Mechi ya kwanza walikutana na Angola. Privatus alianza vizuri mno. Zile nyayo za kugeuza kahawa ziliuchukua mpira mbele, nyuma, kando, Waangola wanapiga hewa. Alifunga bao moja, akatengeneza jingine. Zikiwa zimebaki dakika chache, matokeo yakiwa matatu kwa matatu, beki akamjia upande wa kushoto, karibu kabisa na mstari. Privatus hakufikiri. Aliupiga mpira kushoto, akapita kulia, akafika pale mbele wanapokutanaga siku zote, akageuka kuupokea.

Mpira ulikuwa umeshafika kwa wapiga picha.

Kigali hapakuwa na matofali. Palikuwa na mstari wa rangi, na mpira ukivuka mstari ni wa mwenzako. Waangola wakauingiza upesi, Privatus bado amenyoosha mguu anangoja mpira urudi, wakafunga. Nne kwa tatu. Filimbi ya mwisho ikalia watu wa Tanzania wakiwa wameshika vichwa.

"Privatus," Kocha Egbert alimwambia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na alikuwa amechoka zaidi kuliko alivyokasirika, "hapa hakuna ukuta."

"Najua, kocha."

"Kichwa chako kinajua. Miguu yako haijui."

Na kweli haikujua. Kesho yake mazoezini akarudia kosa lile lile, mbele ya wenzake wote. Kocha akamtoa, na mechi ya pili, dhidi ya Zambia, Privatus aliitazama akiwa amevaa koti. Wakashinda bila yeye. Alipiga makofi kama wengine, lakini roho ilimuuma, na alijichukia kwa kuumia huko.

Halafu simu. Afadhali watu wangekuwa wakali. Mtu fulani alikata kile kipande cha video, Privatus amenyoosha mguu peke yake anangoja, akakipachika muziki na maneno: anasubiri mpira urudi kutoka Bukoba. Kikasambaa. Alitumiwa na watu wa Kanoni, na wachimbaji wa bati wa Kyerwa, na watu aliosoma nao seminari, mmoja wao padri kabisa, ameweka na kicheko. Privatus alikitazama hadi akaanza kukiona akiwa amefumba macho. Alikuwa mtu mzima, na nchi nzima ilikuwa inamcheka mguu wake.

Hotelini hakukalika. Alitoka chumbani, akatembea hadi mwisho wa korido, akarudi. Akashuka ngazi, akapanda. Aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, kipa wa timu, akamwambia, "Kaka, kaa basi, unanipa kizunguzungu." Akakaa. Goti likaanza kucheza lenyewe. Akainuka tena.

Mchana wa siku iliyotangulia mechi ya tatu alimpigia Evelyn simu. Alimuuliza kama wamekula. Akauliza kama paa la jikoni bado linavuja, na kama Speciose kikohozi kimepungua. Hakusema habari za mpira. Evelyn alijibu kila swali, akasema haya, wakaagana. Privatus alibaki ameishika simu, moyo mwepesi kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaamua na mwenyewe bado hajajiambia.

Mechi ya tatu ilikuwa na wenyeji, Rwanda, siku iliyofuata jioni. Sare tu ingewapeleka Tanzania nusu fainali. Asubuhi yake wenzake waliposhuka kunywa chai, Privatus alinyoa ndevu, akakunja jezi zake vizuri akaziacha kitandani, akatia hati yake ya kusafiria mfukoni, akachukua begi na kutokea mlango wa nyuma. Alijiambia hawatamhitaji, walishinda bila yeye. Alijiambia anawapunguzia mzigo. Mtu akitaka kukimbia hakosi maneno mazuri ya kujipamba nayo.

Stendi ya Nyabugogo ilikuwa imeshachangamka. Alipata basi la Rusumo, akakaa dirishani, begi mapajani, akaanza kupumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Miguu yake ilitulia. Mara ya kwanza tangu Angola, miguu ilitulia kabisa. Habari ya Muleba ilimjia, akaisukuma pembeni. Evelyn angeelewa. Evelyn siku zote alikuwa anaelewa.

Basi jingine likaingia na kusimama ubavuni, limejaa vumbi, limetoka huko huko Rusumo. Mlango ukafunguka. Akashuka mzee mwenye koti la suti juu ya fulana ya timu ya taifa, anajinyoosha kiuno. Privatus alimtazama bila kumjua, maana mtu wa kwenu ukimkuta ugenini macho yanakataa. Kisha akamjua. Alikuwa Mzee Ildefonsi. Nyuma yake wakashuka vijana wa sakafuni na bendera yao, na nyuma ya vijana akashuka Evelyn.

Evelyn hakuutazama mji, na ndiyo kwanza alikuwa anafika Kigali. Alikuwa anatazama madirisha ya mabasi yanayoondoka, moja baada ya jingine, hadi akafika kwenye la Privatus. Hapo akasimama.

Kondakta alikuwa anaita abiria wa mwisho. Privatus angeweza kuinama ajifanye anafunga kamba za viatu, basi liondoke naye, na nadhani kwa nukta moja alifikiria hivyo hasa. Lakini Evelyn hakumwita, hakumpungia mkono, hakukunja uso. Alimtazama tu. Privatus akashuka na begi lake.

"Shikamoo, Mzee," alisema, na sauti ilimtoka ya kitoto.

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje kama tunafika saa hizi?"

"Nimekuja kuwapokea."

Nakwambia alisema hivyo bila kupepesa. Na Mzee Ildefonsi akaamini, tena akafurahi, akawageukia vijana. "Mnamwona mtu mwenye heshima? Ana mechi leo, lakini amekuja stendi kupokea watu wa kwao. Na ninyi mlikuwa mnanung'unika kwa nini tulilala Rusumo."

Vijana wakamzunguka, wakamshika mabega, wakamcheka kidogo kwa ile video, kicheko cha nyumbani kisichouma. Evelyn akasogea. Akalitazama begi, akaitazama ile tiketi aliyokuwa bado ameikamata mkononi, akamtazama usoni.

"Lete begi nikubebee, Baba Speciose," alisema. "Mchezaji asijichoshe siku ya mechi."

Akalichukua. Kutoka Nyabugogo hadi hotelini hakumwambia neno jingine, na Privatus alitembea pembeni yake anaona haya kama mwizi anayerudishwa na mwenye mali.

Kocha Egbert alikuwa mlangoni mwa hoteli. Alikuwa ameshaziona zile jezi zilizokunjwa, na uso wake ulikuwa umeiva. Alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Mzee Ildefonsi akaingia mbele yake, ametoa kahawa ya kutafuna mfukoni, iliyofungwa kwenye jani la mgomba, anamnyooshea kwa mikono miwili.

"Waitu, bwana wetu, tumekuja kukusalimu. Ahsante sana kwa kumruhusu kijana wetu atupokee."

Egbert ni mtu wa Kagera hata akihamia mwezini. Kwetu huwezi kuikataa kahawa ya mkononi mwa mzee, na ukishaitia mdomoni umempokea yeye na wote aliokuja nao. Ugomvi unangoja mgeni aondoke. Kocha aliitazama ile kahawa muda mrefu kidogo. Alimtazama Privatus, akalitazama begi mkononi mwa Evelyn, akaelewa kila kitu. Kisha akachukua punje, akatafuna.

"Karibuni sana, Mzee," alisema. "Ndiyo, nilimruhusu."

Wageni walipokwenda kutafuta pa kunawa uso, alimvuta Privatus pembeni. Hakupaza sauti. "Leo huchezi. Lakini utakaa benchi, kwenye kiti cha mwisho, umetulia. Mimi sitakutazama. Ukiinuka kwenye kile kiti kabla ya filimbi ya mwisho, endelea moja kwa moja mpaka kwenu."

Adhabu hiyo, kwa mtu mwingine, si adhabu. Kwa Privatus afadhali angeambiwa azunguke Kigali nzima kwa mguu.

Jioni ukumbi ulifurika. Wanyarwanda waliimba hadi viti vikatetemeka, na Privatus, ambaye Kinyambo cha kwao hakiko mbali na Kinyarwanda, alikuwa anaelewa nusu ya wanachoimba na kuikisia nusu nyingine. Alikaa kiti cha mwisho. Alishika magoti kwa mikono yote miwili. Rwanda wakafunga, Tanzania wakasawazisha, Rwanda wakafunga tena. Kila mpira ulipopita mbele yake mapaja yalikakamaa. Wachezaji wa benchi waliinuka kushangilia na kulaani, yeye akabaki ameketi, ameuma mdomo wa chini. Upande wa pili wa ukumbi aliiona bendera ya Ihanda, na chini ya bendera Evelyn, begi mapajani. Hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anatazama kiti cha mwisho.

Kipindi cha pili kikiwa kinaelekea ukingoni, Tanzania wakapata bao la pili. Mbili kwa mbili, sare yenyewe, na sasa kazi ilikuwa kuilinda. Rwanda wakaja kwa nguvu zote. Mchezaji wa kushoto wa Tanzania akakimbia kuzuia, akashika paja, akaanguka. Msuli umekaza, hawezi. Kocha Egbert akageuka kutazama benchi lake. Wengine walikuwa wameshaumia au kuishiwa pumzi; wenye afya waliobaki walikuwa wawili, na mmoja alikuwa kipa wa akiba.

"Privatus." Akamshika bega, vidole vikamwingia. "Sikuombi ufunge."

Aliingia. Mpira wa kwanza akaurudisha kwa kipa, salama. Wa pili vilevile. Ndipo Wanyarwanda wakaona mtu wa video. Ukumbi ukaanza kumcheka, na kila akigusa mpira wanaita kwa pamoja wakimtaka aupige pembeni. Halafu mpira ukamjia kushoto, karibu na mstari, mahali palepale pa Angola, na mabeki wawili wakamjia kwa pamoja. Mguu uliinuka. Nakuapia uliinuka wenyewe kwenda kupiga kushoto, na bega la kulia lilishaanza safari.

Akaukanyaga mpira.

Hakufanya kitu kingine. Aliukanyaga, akasimama juu yake na unyayo, mgongo akawapa wale wawili. Wakamsukuma, wakamkanyaga vidole, wakamvuta jezi. Akauburuza nyuma kidogo, akauburuza mbele kidogo, taratibu, kama vile kahawa bado mbichi na jua lipo la kutosha. Kila neva mwilini ilimwambia kimbia. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli. Hakwenda popote. Wakati wale wawili wanamhangaikia, sekunde zilikuwa zinakwisha, na refa alipopuliza ilikuwa filimbi ya mwisho.

Sitakusimulia walivyoshangilia. Vijana wa Ihanda waliruka uzio, Mzee Ildefonsi akalia waziwazi, Kocha Egbert akamkumbatia. Tanzania walikuwa nusu fainali kwa sare, na bao hata moja la siku hiyo halikuwa la Privatus.

Baadaye kidogo, kabla ya chakula, alimkuta Evelyn ameketi kwenye benchi la bustani ya hoteli, begi miguuni. Akakaa pembeni yake. Watu walikuwa wanapita na bendera.

"Mechi ilikuwa jioni," Privatus alisema. "Kwa nini mlilala Rusumo?"

"Mzee anadhani naogopa kuchelewa. Ndivyo nilivyomwambia."

"Na ukweli?"

"Ukweli ni ile simu yako ya jana." Evelyn hakumtazama. "Ulikuwa mpole, Privatus. Uliponiuliza kama tumekula, nikajua. Hata ukiwa Bugomora ulinipigia hivyo hivyo, mpole vile vile, na kesho yake ukayaacha maharage. Hata pikipiki. Wewe ukitaka kuondoka unakuwa mume mzuri sana kwa siku moja. Nikafunga duka, nikamwacha Speciose kwa jirani, nikawakusanya watu waliotaka kuondoka leo alfajiri, nikawaambia twende sasa."

Privatus alilitazama lile begi miguuni.

"Mimi mpira siujui," Evelyn aliendelea. "Sikuja kutazama mpira. Nilikuja kukaa stendi. Nilikuwa nimejiandaa kukaa pale kutwa nzima, natazama mabasi ya Rusumo. Wewe ukanirahisishia."

Aibu aliyoiona Privatus hapo haikulingana na ya video. Kwenye video walimcheka watu waliouona mguu wake tu. Miaka yote hiyo alidhani anaondoka bila mtu kujua, na kumbe kila mara kulikuwa na mtu anaiona safari kabla yeye hajafunga begi, ananyamaza, kisha anakwenda kuvuna.

"Kwa hiyo nimekimbia au sijakimbia?" aliuliza.

"Ulipanda basi."

"Nikashuka."

"Ulishuka kwa sababu uliniona." Sasa alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na Privatus hakuwahi kumwona hivyo. "Ndiyo maana bado sijaamua. Sisi tunarudi kesho asubuhi, watu wana mashamba yao. Keshokutwa mna mechi. Na mimi nimechoka, Privatus. Sitakaa stendi tena. Kesho ukitaka kuondoka, hapatakuwa na mtu wa kukutazama."

Akamsukumia begi kwa mguu, akainuka, akaenda kula na wenzake.

Asubuhi Privatus aliamka kabla ya kipa. Aliyasikia magari barabarani. Alijua saa ya basi la Rusumo, alijua na kiti anachokipenda. Alivaa, akashuka ngazi, akatoka nje, na hakuna aliyemwona, wala kocha wala mtu wa Ihanda. Njia ya Nyabugogo ilikuwa kushoto. Alisimama pale getini muda mrefu, miguu inamuwasha, kisha akaenda kulia, hadi kwenye ukumbi wa mazoezi, mapema kuliko mtu yeyote.

Mlango ulikuwa umefungwa. Akaketi ngazini, akangoja mwenye ufunguo.